Dola ya Mtu Mmoja

Mwaka 1959, kwenye rasi ya Msimbati iliyo jirani na mlango wa mto Ruvuma, Mwingereza mmoja aliyestaafu utumishi wa serikali, Latham Leslie-Moore, alitangaza kuwa rasi hiyo imejitenga na Tanganyika. Akapeleka madai yake Umoja wa Mataifa. Wavuvi na wenye minazi wa Msimbati hawakuulizwa. Katika hilo, walau, alifuata desturi ya serikali zote zilizomtangulia.

Waandishi wa kwao humtaja kwa upole, kama mzee wa vituko, na Mmarekani John Heminway akamweka kitabuni. Magofu ya nyumba yake pale Ruvula yameingia hadi kwenye vitabu vya watalii.

Tuseme ni mvuvi wa Msimbati aliyetamka maneno hayo mwaka ule ule. Ndugu zake wangempeleka kwanza kwa mganga akapungwe pepo. Bwana DC naye angepima kati ya jela na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwapo Dodoma tangu 1927. Au angechukuliwa kwa uzito, jambo baya zaidi: Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya kuzuia risasi, hakuitiwa daktari. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905.

Na hao waliokuwa wakipima akili za wengine walikuwaje? Kionga, ng'ambo ya mlango huo huo wa Ruvuma, Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, Wareno wakaikamata 1916, na mwaka 1919 mabwana waliokutana Ufaransa wakaikabidhi rasmi kwa Ureno. Kisha ukaja mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ilifyeka pori Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga reli hadi pwani, na mwaka 1951 ikakubali kwamba pauni milioni 36 zimepotea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ilifunguliwa 1954. Aliyejenga bandari ya shehena isiyokuwapo aliitwa mtaalamu wa mipango.

Kwa hiyo sidhani Leslie-Moore alipungukiwa akili kuliko wenzake. Alipungukiwa jeshi. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali mpya, yenye askari wake, ilimwondoa katika miaka ya 1960.

Vituko vinahitaji mtaji: pensheni, nyumba ya ufukweni, na wasomaji huko ulikotoka. Anayezunguka soko la Mtwara akizungumza peke yake hana hata kimoja. Watoto humfuata wakimzomea. Wakubwa hujiuliza amerogwa na nani. Nduguze wakiamua kumtibu, huanza kwa mganga, kisha hospitali ya Ligula, na wakiambiwa Mirembe, hiyo ni kama kilomita elfu moja kwa basi kupitia Dar es Salaam, pamoja na nauli ya wa kumshika njiani. Wengi husubiri kwanza fedha za korosho.