Nomino Zinazohesabika na Nomino Zisizohesabika

Katika sura iliyotangulia tuliziainisha nomino kwa ngeli zake. Sasa tutazigawa kwa msingi mwingine: je, kitu kinachotajwa huhesabiwa kimoja kimoja, au hupimwa kwa kiasi?

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mwalimu anayejiandaa kufundisha Arua au Koboko. Wanafunzi wake wengi huzungumza nyumbani Kilugbara au Kikakwa, lugha zisizo na ngeli kama zile za lugha za Kibantu. Shuleni hukutana na Kiingereza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Huenda mwalimu mmoja akasahihisha madaftari ya lugha zote mbili kwa siku moja. Asipojua mahali zinapoachana, atalikosoa jibu lililo sahihi, na mtoto ataondoka akiamini kwamba alikosea.

1. Maana

Nomino inayohesabika hupokea nambari moja kwa moja: mtoto mmoja, watoto wawili, kalamu moja, kalamu tano. Nomino isiyohesabika haipokei nambari bila msaada wa kipimo: unga, sukari, chumvi, asali, ufuta, mchele, maji.

Mgawanyo huu huamuliwa na lugha, wala si na macho. Sokoni Arua karanga na mchele huweza kuuzwa kwenye meza moja, na vyote viwili ni punje. Hata hivyo, mtoto aliyepewa karanga tano atasema "karanga tano", ilhali kwa mchele atalazimika kusema "punje tano za mchele".

2. Kiambishi awali hakitoshi

Mwanafunzi hupenda kutazama mwanzo wa neno na kukata shauri. Njia hiyo hupotosha. Maji, mafuta na maziwa huanza na ma- kama mayai, na hufuata upatanisho ule ule, lakini hayana umoja. Tukisema "maziwa matatu", msikilizaji hafikirii kinywaji. Hufikiria Victoria, Albert na Kyoga. Mchele nao hufanana na mti kwa umbo, ila hauna wingi wa kawaida. Sukari na kalamu hazibadiliki umbo, lakini kalamu huhesabika na sukari haihesabiki. Ndiyo maana vitabu vingi vya Kenya huzitengea nomino zisizohesabika ngeli zao: YA-YA kwa maji, I-I kwa sukari, U-U kwa unga.

3. Majaribio

Tunapendekeza majaribio manne, yatumiwe pamoja.

(a) Nambari. Weka -wili baada ya nomino. "Vitabu viwili" hukubalika; "chumvi mbili" hukataliwa, isipokuwa kama kipimo kimeshaeleweka.

(b) Upatanisho wa -ingi. Kiingereza hutenganisha *many* na *much*. Kiswahili kina shina moja tu, -ingi. Kwa hiyo tofauti hutafutwa katika upatanisho. Nomino inayohesabika hupokea -ingi ikiwa katika wingi: miti mingi, kuta nyingi. Isiyohesabika huweza kuipokea katika umoja: mchele mwingi, unga mwingi. Pale ambapo umbo la -ingi halitofautiani, tutazame kitenzi: kalamu nyingi zimepotea, sukari nyingi imemwagika.

(c) -chache na kidogo. Jaribio hili ndilo lenye nguvu zaidi kwa nomino za ma-. Tunasema "mayai machache" lakini "maji kidogo". "Kalamu chache" lakini "sukari kidogo".

(d) Swali. Vinavyohesabika huulizwa kwa -ngapi: vitabu vingapi? Visivyohesabika huulizwa kwa "kiasi gani". Mnunuzi anayeuliza "sukari shilingi ngapi?" hahesabu sukari, anahesabu shilingi.

Hapa tunakutana na tatizo la mahali petu. Katika Kiswahili cha sokoni, hapa kama katika sehemu nyingi za bara, husikika "watu mingi", "mchele mingi", "maji mingi". Hatuidharau lugha hiyo. Huwawezesha watu wa lugha mbalimbali kuuziana na kuelewana. Lakini "mingi" ikivaa nafasi ya wengi, mwingi na mengi, jaribio la (b) huzimika kabisa. Kwa hiyo upatanisho wa -ingi ufundishwe kwanza, ndipo mgawanyo huu ufundishwe.

4. Kuhesabu kwa vipimo

Kisichohesabika huhesabiwa kwa kupewa kipimo: vikombe viwili vya sukari, jerikeni tatu za maji, gunia moja la unga wa muhogo, chupa nne za asali, tone la mafuta, chembe ya chumvi. Nambari na kiunganishi hufuata ngeli ya kipimo, wala si ya kinachopimwa. Sifa ya kinachopimwa hubaki katika ngeli yake: vikombe viwili vya mchele mweupe.

Wakati mwingine kipimo huachwa kwa sababu kinaeleweka. Mkahawani "chai mbili" ni vikombe viwili vya chai. Maana nayo huweza kuhama: "chuma" kama madini hakihesabiki, lakini "vyuma vitatu" ni vipande vitatu, "mvua nyingi" huonyesha kiasi, na "mvua mbili" ni kunyesha mara mbili.

5. Tusikitafsiri Kiingereza

Mkate, mzigo na habari huhesabika katika Kiswahili: mikate miwili, mizigo mitatu, habari mbili. Katika Kiingereza *bread*, *luggage* na *news* hazihesabiwi hivyo. Mikate miwili huwa *two loaves of bread*. Kwa sababu hiyo mwalimu asimwambie mwanafunzi kuwa "mkate hauhesabiki", bali aseme kwamba neno la Kiingereza halihesabiki. Kosa la lugha moja lisihukumiwe kwa kanuni ya lugha nyingine.

Zoezi

1. Tenga nomino hizi katika makundi mawili, na utaje jaribio ulilotumia: asali, haragwe, ugali, sabuni, mafuta, muhogo, moshi.

2. Sahihisha: "Mama amenunua unga mingi na mayai kidogo."

3. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "maziwa": katika ya kwanza lihesabike, katika ya pili lisihesabike.

4. Orodhesha vipimo sita vinavyotumika katika soko lililo karibu nawe, kisha andika kila kimoja katika umoja na wingi pamoja na kitu kinachopimwa.