Msumari wa Ua na Adui Wake Kutu

Ua wa seng'enge hauwi imara kupita misumari inayoushikilia. Mara nyingi nguzo huwa bado ngumu na waya bado mzima, ilhali misumari imekwisha kuliwa na kutu. Waya hulegea, ng'ombe hupita, na mazao ya msimu mzima hupotea. Kwa hiyo msumari wa U, wenye ncha mbili, unastahili kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule unaotumika kuchagua nguzo na waya.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu haipatikani. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu huandamana na mwendo wa elektroni ndani ya chuma. Ndiyo maana misumari ya Tanga au Mombasa, ipigwayo na upepo wa bahari, huoza upesi kuliko ya Dodoma.

Kinga ya kawaida ni zinki. Zinki huzuia maji yasikifikie chuma. Tena, hata ikikwaruzwa, hutoa elektroni zake kwanza na kuliwa badala ya chuma. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kadiri ya unene wake. Msumari uliopakwa zinki kwa umeme hung'aa, bali utando wake kwa kawaida haufiki maikroni 15, yaani sehemu 15 kati ya 1,000 za milimita moja. Uliochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la sentigredi 450 hivi, huwa na rangi ya kijivu na utando mnene zaidi mara kadhaa. Basi dukani mng'aro si dalili ya ubora.

Mti nao una athari yake. Dawa nyingi za kuzuia mchwa na kuvu katika nguzo zina chumvi za shaba. Nguzo inapolowa, shaba hiyo huchukua elektroni za zinki na chuma, na msumari huliwa ndani ya mti, mahali ambapo jicho halifiki. Nguzo za namna hiyo zahitaji misumari iliyochovywa au ya chuma cha pua. Msumari wa shaba usishike kamwe waya wenye zinki, kwani penye unyevu waya ndio utakaoliwa.

Hata msumari bora huharibiwa na nyundo. Ukipigiliwa hadi kuugandamiza waya, utando wa zinki hupasuka, na waya hukosa nafasi ya kuteleza unapovutwa.

Wanafunzi waweza kuhakikisha hayo kwa bilauri nne. Ya kwanza iwe na maji matupu na msumari usiopakwa kitu. Nyingine tatu ziwe na maji ya chumvi: moja iwekwe msumari usiopakwa, ya pili uliopakwa kwa umeme, ya tatu uliochovywa. Misumari yote ilingane ukubwa, na ikaguliwe kila siku kwa majuma manne.