Haki ya Sauti Kutangulia

Katika nyumba za kupanga za Kyebando, kando ya ile barabara ya Northern Bypass, wapangaji wakichangia laini moja ya intaneti, aghalabu utasikia shutuma ile ile: filamu inashuka bila taabu, ilhali mazungumzo na jamaa aliyeko Muscat yanakatika katikati ya salamu. Wengi huona dawa ni kununua kasi zaidi, nami sikatai kwamba kasi hufaa. Walakini maradhi yenyewe yamo katika foleni.

Sauti, ikisafirishwa kwa kanuni ya G.711, kwa kawaida hugawanywa pakiti 50 kila sekunde, nazo pamoja na anwani zake huchukua takriban kilobiti 80 tu. Haja yake basi si wasaa mkubwa bali kuwasili kwa wakati, kwa maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, husihi safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150, na pakiti iliyochelewa kupita kiasi hutupwa, kwani sikio limekwisha vuka neno lile. Zamani, kabla kebo ya SEACOM haijafika Mombasa mwaka 2009, Uganda ilitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na kupanda na kushuka peke yake kulikula zaidi ya milisekunde 230, jambo ambalo hapana fundi angeliweza kulitengeneza. Ucheleweshaji wa leo mara nyingi huzaliwa chumba cha pili. Jirani akipakia video katika njia ya megabiti moja, kila pakiti yake ya baiti 1,500 hushika njia milisekunde 12, na zikitangulia 50 mbele ya sauti, hiyo ni zaidi ya nusu sekunde, mithili ya bodaboda iliyochukua mgonjwa wa Mulago kuzibwa nyuma ya malori pale Kalerwe.

Tiba ni ruta kuipisha sauti kwanza, kwa sharti kwamba nayo itiwe kikomo, data isije ikafa njaa. Lakini hila ambayo mafundi wengi huisahau ni kuweka kasi ya ruta chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ikae ndani ya ruta yako, isiende kujazana katika modemu ya kampuni ambako amri yako haifiki. Kadhalika ile alama ya 46, inayoitambulisha pakiti ya haraka, huheshimiwa katika mtandao wako tu. Nje ya hapo hapana aliyelazimika kuitii, na kwa nini aitii, ikiwa kila mtu aweza kujibandika?

Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya wapangaji, mimi huichagua njia iitwayo fq_codel, iliyoelezwa mwaka 2018 katika waraka wa RFC 8290: haiulizi alama ya mtu, huzitenga pakiti za kila mazungumzo, na yaliyo na pakiti chache hupishwa yenyewe. Ruta zenye programu ya OpenWrt zinayo tayari. Kinachobaki ni mwenye nyumba kukubali kuacha sehemu ndogo ya kasi aliyoilipia, na huko kumweleza ndiko kwenye kazi.