Gari la Mbio Lisilofika Kibiti ni Pambo

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yawahusu sana ndugu zetu ambao siku hizi wanafufua magari ya mbio ya zamani. Mtu hununua gari la miaka ya 1970, akalipaka rangi ya kung'aa, akalitia magurudumu mapana na bomba la moshi lenye kunguruma, kisha akalitembeza mjini siku ya Jumapili. Watoto hushangilia. Lakini yafaa tuulize swali moja: Je, gari hilo laweza kutoka Dar es Salaam alfajiri, likafika Kibiti, likarudi jioni, na kesho yake likaenda tena? Kama haliwezi, hilo ni pambo tu.

Njia ya Kibiti ni mtihani wa haki. Kwanza kuna msongamano wa Mbagala, ambako injini huchemka hali gari limesimama. Kisha ni lami ya kusini, yenye matuta vijijini na watoto wanaovuka kwenda shule. Tena ziko njia za udongo zinazoshuka kwenye delta, penye mikoko na hewa ya chumvi. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 lilituondolea adha ya kungoja kivuko cha Ndundu. Walakini mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha kwamba Mto Rufiji haujasalimu amri.

Wala Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi kupita katika nchi zetu tatu, yalikuwa shule ya dunia nzima. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 vile vile 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari ambalo wengine walilitumia kwa safari za kawaida. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda na gari la aina hiyo mwaka 1966 na 1967. Ndipo likaja gari la mbio hasa, Datsun 240Z, likashinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ushindi haukuwa wa mwenye kasi peke yake. Ulikuwa wa yule ambaye gari lake halikuvunjika.

Basi tuichukue hiyo 240Z iwe mfano. Ina injini ya silinda 6 katika mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393, na kabureta 2. Fundi mwenye akili huielewa upesi. Lakini kazi isianzie kwenye injini. Ianzie kwenye bodi, kwa sababu gari hili halina chesisi ya peke yake: bodi ndiyo mifupa yake. Kutu ikila sakafu na kingo za chini ya milango, mifupa imekatika, hata rangi ikiwa nzuri namna gani. Kutu haifunikwi kwa rangi. Hukatwa, na bati jipya likachomelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili ni breki, kabla ya nguvu yoyote kuongezwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakichemka, mguu huzama na gari halisimami. Mabomba ya mpira yaliyozeeka yabadilishwe yote, na mafuta yamwagwe na kutiwa mapya kila baada ya miaka 2. Anayeongeza kasi bila kuongeza breki hajichezei yeye peke yake. Anachezea roho za watu wa Bungu na Kibiti waliosimama kando ya barabara.

Tatu ni maji na umeme. Rejeta iliyoziba izibuliwe au ibadilishwe kwa kubwa zaidi, na feni ya umeme iongezwe, maana ya zamani huzunguka polepole injini inapopunguza mwendo. Nyaya za miaka 50 zing'olewe. Mtambo wa kale wa kukata umeme wa plagi, ambao hulika na kuhitaji kurekebishwa kila mara, uondolewe, uwekwe wa kielektroniki. Tena tukumbuke kwamba petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu ifikapo mwaka 2006. Risasi ile ndiyo iliyokinga vikalio vya valvu katika injini nyingi za kale. Kwa hiyo fundi achunguze kama vinahitaji kubadilishwa kwa vya chuma kigumu.

Nne ni springi na shokapu. Vijana wengi hulishusha gari likaribie kukwaruza ardhi. Huko ni kuliharibu. Katika njia zetu gari liinuliwe kidogo, na bamba la chuma liwekwe chini ya injini. Nguvu ya injini ije mwisho, na mageuzi yafanywe moja moja, kila moja likijaribiwa kwa safari ndefu, ili hitilafu ikitokea chanzo chake kijulikane.

Delta yenyewe ina ushahidi. Tarehe 11 Julai, 1915, meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliangamia humo. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu, ikakokotwa na Waafrika kwa jasho jingi ikatumike vitani nchi kavu. Vita vile havikuwa vyetu, lakini ufundi una funzo: chombo kilichoundwa kwa bahari kilitumika barani kwa kuwa kiligeuzwa kufuata ardhi kilipopelekwa.

Na gari la mbio ni vivyo hivyo. Liliundwa kwa barabara za wengine. Kazi ya fundi ni kulifundisha za kwetu. Mwenye gari, kabla ya kununua bomba la kunguruma, nunua mabomba ya breki. Sifa zitakuja zenyewe, siku watakapokuona Kibiti mara ya mia na hujawahi kuvutwa kwa kamba.