Ushuru wa Mazao Ulipopunguzwa: Fedha Itumiwe au Iwekwe?

Katika mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao unaotozwa na Halmashauri za Wilaya. Hapo kwanza ulikuwa asilimia 5 ya bei. Sheria ya mwaka ule iliufanya kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Sisi wa Mbulu na Hanang, ambao wengi wetu twaishi kwa kilimo, yatupasa kujiuliza: fedha ile iliyopunguzwa yaenda wapi?

Na tufanye hesabu. Tuseme mtu ameuza magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila gunia, yaani shilingi 600,000. Ushuru wa zamani ungekuwa shilingi 30,000. Kwa kiwango cha mwaka 2017 ni shilingi 12,000. Tofauti ni shilingi 18,000. Lakini tukumbuke kwamba ushuru humpasa mnunuzi, naye huuhesabu kabla ya kutaja bei. Basi muuzaji asiyeuliza bei kwa wanunuzi wawili watatu, faida yake hubaki mfukoni mwa mwingine.

Na ikimfikia mkononi je? Wako wasemao, "Shilingi 18,000 si kitu," nayo huisha siku ile ile mnadani, wala mtu hajui imenunua nini. Hatusemi kwamba kutumia ni kosa: fedha ya mbegu njema hurudi pamoja na mavuno. Wala hatusemi fedha ifichwe chini ya kitanda, maana bei za vitu hupanda, na fedha iliyolala hupungua nguvu.

Twaijua sana miezi ile ambayo mahindi mapya yangali shambani na ghala ni tupu. Ndipo mtu huuza mtamba wake kwa bei ya hasara, apate kununua kwa bei ghali mahindi kama yale aliyoyauza rahisi wakati wa mavuno. Shilingi 18,000 kwa miaka mitano ni shilingi 90,000, yaani gunia moja na nusu kwa bei ile tuliyoitaja.

Shauri letu ni hili. Kabla ya kuondoka mnadani, tofauti ile itengwe: sehemu inunue mbegu, au mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa, sehemu iwekwe benki au katika kikundi cha kuweka na kukopa. Kiasi cha kila sehemu na waamue mume na mke pamoja, bali waamue kabla fedha haijatoweka.