Meza ya Mahogani na Njumu Zake

Meza ya kale ya Kiingereza, ya mahogani yenye njumu, husifiwa kwa mng'aro wake na kwa ustadi wa fundi aliyeiunda. Lakini mbao zake zilipita katika mikono mingi kabla ya kumfikia fundi huyo.

Zamani Waingereza waliunda meza zao kwa mwaloni na mjozi. Mwaka 1721 Bunge lao liliondoa ushuru wa forodha juu ya mbao zitokazo katika makoloni yao ya Amerika. Ndipo mahogani ya Jamaika, na baadaye ya nchi iitwayo sasa Belize, ilipoanza kujaa katika karakana za London.

Huko Belize wakata miti walikuwa hasa watumwa wenye asili ya Afrika. Mmoja wao, mwenye macho makali, alikwea mti mrefu akautazama msitu wote, akaitambua mahogani kwa rangi ya majani yake. Wenzake walijenga jukwaa kulizunguka shina, maana chini ni nene mno, wakaukata mti kwa shoka. Magogo yalikokotwa na maksai usiku kwa mwanga wa mienge, ili kuepuka joto la mchana. Mvua zilipojaza mito, yalielea mpaka pwani. Watumwa hao hawakupata uhuru kamili mpaka mwaka 1838.

Fundi wa London alichimba mifuo myembamba katika ubao kwa patasi. Ndani yake alitia vipande vya mti mwingine, wa rangi ya manjano, ung'aao kama hariri, akavishika kwa gundi. Akitaka ua lionekane lina kivuli, alichovya ukingo wa kipande katika mchanga wa moto hata ukaungua kidogo.

Miongoni mwa mafundi hao alisifika George Hepplewhite, ambaye mjane wake alikitoa kitabu cha michoro yake mwaka 1788. Jina la Hepplewhite limo katika kitabu hicho. Majina ya waliokata miti hayamo. Na miti yenyewe ilikatwa kupita kiasi, hata biashara ya mahogani ya Jamaika na visiwa jirani ikawekwa chini ya mkataba wa mataifa mwaka 1992.

Basi, amsifuye seremala kwa meza nzuri, na amkumbuke pia aliyeliangusha gogo.