Papa na Taa ni Ukoo Mmoja

Leo tunashuka pwani, kwani mvuvi naye ni mkulima. Shamba lake ni bahari.

Ukifika ufukweni Kunduchi mitumbwi inaporudi, au ukipita soko la Tandika kule Temeke, waweza kumkuta papa, taa na changu. Wote ni samaki, maana wote hupumua kwa mashavu majini. Lakini samaki nao wana koo zao.

Changu ana mifupa migumu, na mashavu yake yamefunikwa kwa kifuniko kimoja kila upande. Papa hana mfupa hata mmoja. Kiunzi chake ni gegedu, kitu kile kile kilichomo ndani ya sikio lako. Badala ya kifuniko ana matundu, kwa kawaida matano kila upande.

Je, taa? Mpasue: naye ni gegedu tupu. Kwa hiyo, ingawa ni bapa kama chapati, taa ni ndugu wa papa. Tofauti yao ni hii: matundu ya papa yako ubavuni, ya taa yako chini, upande wa tumbo. Sasa mgeuze papa upanga. Matundu yako chini! Basi jina lake ni papa, lakini ukoo wake ni wa taa.

Elimu hii ina faida gani? Kwanza, jikoni. Nyama ya ukoo huu ina yurea nyingi, na samaki akishakufa hiyo hugeuka amonia. Ndiyo maana papa akichelewa kupasuliwa na kutiwa chumvi hunuka vikali.

Pili, na hili ndilo kubwa, uzazi. Changu hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Papa na taa wengi huzaa watoto wachache, baada ya mimba ya miezi mingi, na watoto hao huchukua miaka kupevuka. Anayewavua kama dagaa anakula mbegu. Papa upanga, ambaye wazee wa pwani walimjua vizuri, siku hizi ni nadra mno kuonekana.

Basi ndugu mvuvi, ukinasa mtoto wa papa au wa taa naye yungali hai, mrudishe majini. Mkulima mwenye busara hapiki mbegu zote.